Barabara za Hanamu katika Mji wa Matofali ya Plastiki

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Methali hii hutumiwa aghalabu kuwaonya wenye tamaa, na ni nadra kwa mtumiaji wake kujishughulisha na umbo la mahali alipokwama mnyama huyo. Fisi alikwama njia panda. Neno panda, likiwa nomino, hutaja kitu kilichogawanyika mara mbili kama tawi la mti, mfano wa kile kijiti ambacho watoto hufungia mipira wakatengeneza manati. Tawi la aina hiyo halina pembemraba. Tagaa moja hujitenga na lingine kidogo kidogo, na baina yao hubaki pembe kali. Ni dhahiri basi kwamba makutano yaliyofichika ndani ya neno hili ni makutano ya hanamu, wala si msalaba ulionyooka kama dirisha.

Yeyote atakayejaribu kuijenga njia panda ya fisi kwa matofali ya plastiki ya kuchezea atang'amua upesi kwamba vifaa alivyo navyo vinaujua msalaba tu. Matofali hayo hupangwa juu ya bamba la miraba, na kila kitu kinachoshikamana na bamba hulazimika kufuata mistari ya miraba hiyo. Hata hivyo, miji halisi haikujengwa kwa miraba mitupu. Kuna barabara zilizofuata mto, nyingine zilifuata reli, na nyingine zilikuwa mapito ya miguu kabla ya mpimaji yeyote kuja na kamba yake. Makala haya yanalenga kueleza jinsi barabara za hanamu na makutano yake zinavyoweza kujengwa kwa matofali ya plastiki bila kuyalazimisha, na kwa nini baadhi ya pembe hukubali ilhali nyingine hukataa katakata.

Jambo moja kuhusu istilahi linafaa kutajwa mapema. Hanamu, kabari, bawaba, kigae na mshono ni maneno ya seremala, mwashi na fundi cherehani, na yote yamo katika matumizi ya kila siku. Yanatosha kuubeba mjadala huu karibu wote. Hilo si ajabu, kwa sababu mchezo wenyewe ulizaliwa katika karakana ya seremala.

Bamba na Kipimo Chake

Kampuni ya LEGO ilianzishwa mwaka 1932 na Ole Kirk Christiansen, seremala wa mji wa Billund nchini Denmaki. Mwaka 1955 kampuni hiyo ilitoa mpango wa mji wa kuchezea uliokuwa na barabara zilizochorwa tayari, watoto wakawa wanapanga nyumba na magari kando yake. Tarehe 28 Januari 1958 ombi la hataza la tofali lenye vinundu juu na mirija ndani liliwasilishwa, na tangu siku hiyo kipimo cha msingi hakijabadilika. Tofali la mwaka 1958 bado linashikana na tofali la leo.

Kipimo hicho ni milimita 8. Huo ndio umbali kutoka kitovu cha kinundu kimoja hadi kitovu cha kinundu jirani, na katika makala haya utaitwa hatua moja. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6, na kibamba chembamba kina kimo cha milimita 3.2, yaani theluthi ya tofali. Kigae, ambacho ni kibamba kisicho na vinundu juu, kina kimo hicho hicho cha milimita 3.2. Aidha, tofali lenye upana wa kinundu kimoja halitimizi milimita 8 kamili. Lina milimita 7.8, na ile sehemu iliyobaki huachwa ili matofali jirani yasisongamane.

Mwaka 1978 yalitolewa mabamba ya barabara yenye vinundu 32 kwa 32, sawa na sentimita 25.6 kila upande. Yalikuwako ya barabara iliyonyooka, ya kona, ya makutano ya njia tatu na ya njia nne. Mwaka 2021 kampuni ilileta mfumo mwingine wa barabara, wa vipande vinene vinavyounganishwa na kufunikwa kwa vigae. Katika mifumo yote miwili makutano ni ya nyuzi 90. Mtoto aliyelelewa na mabamba hayo anaweza kudhani kuwa barabara zote duniani hukutana hivyo.

Nambari Zinazoikubali Hanamu

Chukua bamba la miraba na kamba. Funga ncha moja ya kamba kwenye kinundu chochote, kisha ivute kwa hanamu hadi ifike kinundu kingine. Swali la msingi ni hili: je, urefu wa kamba hiyo ni hatua kamili? Ukiwa kamili, kibamba chenye urefu huo kitaweza kushikwa na vinundu vyote viwili, na barabara itakuwa imepata hanamu yake. Usipokuwa kamili, ncha moja itashika na nyingine itaelea.

Jibu la kwanza linafahamika kwa kila mwashi anayepima kona ya nyumba kwa kamba. Hatua 4 kwenda mbele na hatua 3 kwenda kando hutoa mshazari wa hatua 5, kwa kuwa 16 ukijumlisha na 9 ni 25. Pembe inayopatikana ni nyuzi 36.87 ikipimwa kutoka upande wa hatua 4, au nyuzi 53.13 ikipimwa kutoka upande wa hatua 3. Familia ya nambari za namna hii ni kubwa: kuna 5, 12 na 13 zinazotoa nyuzi 22.62, kuna 8, 15 na 17 zinazotoa nyuzi 28.07, kuna 7, 24 na 25 zinazotoa nyuzi 16.26, na kuna 20, 21 na 29 zinazotoa nyuzi 43.60. Elimu hii ni kongwe. Kipo kibao cha udongo cha Babeli, maarufu kwa jina la Plimpton 322, ambacho kiliandikwa takriban miaka 1800 kabla ya Kristo na kina safu 15 za nambari za aina hii. Leo kibao hicho kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Hapa pana mtego ambao huwanasa wajenzi wengi. Kinachohesabiwa ni nafasi baina ya vinundu, wala si vinundu vyenyewe. Ua wenye nafasi tano una vigingi sita. Vivyo hivyo, mshazari wa hatua 5 unahitaji kibamba chenye vinundu 6. Mjenzi anayehesabu vinundu 4 na vinundu 3, kisha akachukua kibamba cha vinundu 5, amepima hatua 3, hatua 2 na hatua 4. Tisa na nne ni 13, ilhali nne mara nne ni 16. Ncha ya kibamba chake itapita mbele ya kinundu kwa takriban milimita 3, naye ataanza kusukuma kwa kidole gumba. Plastiki haina ubishi wa maneno, ila huonyesha kinyongo chake polepole: hupauka pale ilipopindwa, na baada ya muda hupasuka.

Iwapo hesabu ni sahihi, kazi yenyewe ni nyepesi. Vibamba viwili vya duara, vyenye kinundu kimoja kimoja, huwekwa kwenye vinundu viwili vilivyochaguliwa. Hivyo ndivyo nguzo. Kibamba cha vinundu 6 hulazwa juu yake. Nguzo ni za lazima kwa sababu kibamba kilichowekwa hanamu moja kwa moja juu ya bamba hugongana na vinundu vilivyo katikati. Juu ya nguzo hujengwa jukwaa la vibamba, na juu ya jukwaa hutandazwa vigae. Nguzo, jukwaa na kigae ni milimita 3.2 mara tatu, yaani milimita 9.6, ambacho ni kimo cha tofali moja. Kwa hivyo barabara ya hanamu hulingana na nyumba zilizoinuliwa kwa tofali moja, bila kuongeza wala kupunguza.

Je, jukwaa pana la barabara hushikwa na nguzo mbili tu? La hasha. Katika pembe ya 3, 4 na 5, kinundu kimoja katika kila vinundu vitano vya jukwaa huangukia juu ya kinundu cha bamba barabara kabisa. Vinundu hivyo vinapatana kwa mwendo wa farasi wa sataranji: kutoka nguzo yoyote, hatua mbili mbele na moja kando katika jukwaa hukutana na hatua moja mbele na mbili kando katika bamba. Anayeijua siri hii anaweza kuitia barabara yake nguzo nyingi kadiri atakavyo. Katika pembe ya 5, 12 na 13, kinundu kinachopatana ni kimoja katika kila 13. Kadiri nambari zinavyokua, ndivyo nguzo zinavyoadimika na jukwaa linavyolegea. Hii ndiyo sababu hasa inayowafanya wajenzi wengi warudi kwenye nambari 3, 4 na 5, hata kama pembe nyingine ingewapendeza macho zaidi.

Kuunga Makutano

Kuilaza barabara kwa hanamu ni nusu ya kazi. Ugumu umo pale inapokutana na nyingine. Barabara mbili zenye upana sawa zikikatana kwa nyuzi 90, eneo la makutano ni mraba wa upana huo. Zikikatana kwa hanamu, eneo hilo huwa msambamba wenye pande nne zilizo sawa, umbo la kishada. Nao msambamba huo huwa mrefu kuliko upana wa barabara.

Chukua barabara kuu yenye upana wa hatua 16, iliyonyooka na bamba, na barabara nyingine ya upana huo huo inayoikata kwa nyuzi 53.13. Kila upande wa msambamba utakuwa hatua 20 kamili. Kona zake, zikihesabiwa kutoka kona ya kwanza ya chini, ziko hatua 0 mbele na 0 juu. Hatua 20 mbele na 0 juu. Hatua 32 mbele na 16 juu. Na hatua 12 mbele na 16 juu. Zote zinaangukia mistari ya bamba. Pembe ikiwa ya nyuzi 36.87, upana wa hatua 16 hautatoa nambari kamili. Upana wa hatua 12 utatoa, na upande wa msambamba utakuwa tena hatua 20. Kwa hiyo upana wa barabara wafaa kuchaguliwa baada ya pembe. Wengi hufanya kinyume chake, kisha hulaumu matofali.

Msambamba umepatikana. Nani ataumiliki? Ukijengwa kwa mistari ya barabara kuu, kingo zake mbili za hanamu zitakuwa na meno meno kama msumeno pale zinapokutana na barabara ya pili. Ukijengwa kwa mistari ya barabara ya pili, barabara kuu ndiyo itakayopata meno. Suluhisho la kawaida ni kuacha pengo na kulificha kwa miti, magari au nyasi. Suluhisho hilo si la kudharauliwa, ila makutano yenye kichaka katikati ni makutano ya ajabu.

Seremala ana jawabu bora. Anapotengeneza kiunzi cha picha, hamalizi ubao mmoja ukutani mwa mwingine. Hukata kila ubao hanamu kwa nusu ya pembe, kisha huziunganisha mbao zote mbili katika mstari mmoja unaotoka kona ya nje hadi kona ya ndani. Hakuna ubao unaomwingilia mwenziwe. Makutano ya matofali yanaweza kuungwa kwa mbinu iyo hiyo. Chora mishazari miwili ya msambamba, mrefu na mfupi. Itaugawa katika pembetatu nne. Kila pembetatu iachiwe mkono wa barabara unaoielekea, na kila mkono ujengwe kwa mistari yake wenyewe hadi kwenye mshazari.

Sasa tazama mteremko wa mishazari hiyo. Katika mfano wa hatua 16, mshazari mrefu unakwenda hatua 32 mbele na 16 juu, yaani 1 kwa 2. Mshazari mfupi unarudi hatua 8 na kupanda 16, yaani 1 kwa 2 vilevile, ila umesimama. Na kwa kuwa mshazari hugawa pembe ya msambamba huu katika nusu mbili zilizo sawa, mteremko unaoonekana kutoka barabara ya pili ni ule ule wa 1 kwa 2. Vibamba vya kabari vyenye mteremko huo vimo miongoni mwa vipande vya kawaida vya LEGO: ni kibamba cha vinundu 2 kwa 2 kilichokatwa upande mmoja hadi upana wake ukabaki kinundu kimoja. Kabari za barabara kuu zikikutana na kabari za barabara ya pili, mshono hufungika kutoka kona hadi kona.

Uhusiano huu hauishii hapo. Kabari ya 1 kwa 3 ina pembe ya nyuzi 18.43, na maradufu yake ni nyuzi 36.87. Kabari ya 1 kwa 4 ina nyuzi 14.04, na maradufu yake ni nyuzi 28.07, pembe ya 8, 15 na 17. Hizi ni pembe zile zile zilizopatikana kwa kamba na vinundu. Kabari, ambazo mtoto huziona kama mabawa ya ndege ya kuchezea, zimebeba ndani yake nusu ya baadhi ya pembe ambazo bamba huzikubali.

Mahitaji ya kazi yanaweza kuhesabiwa kabla ya kufungua sanduku. Nusu ya mshazari mrefu inaenda hatua 16 mbele na 8 juu, hivyo inahitaji kabari 8 kila upande wa mshono. Nusu ya mshazari mfupi inahitaji 4. Nusu ni mbili kwa kila mshazari na pande za mshono ni mbili, kwa hivyo jumla ni kabari 48. Ikumbukwe kuwa kabari huja kama viatu, za kulia na za kushoto. Kwa sababu upande mmoja wa mshono ni taswira ya kioo ya upande wa pili, zinahitajika 24 za kulia na 24 za kushoto. Aliye na 48 za kulia hana makutano.

Lipo tatizo dogo linalobaki. Vigae vya mraba haviwezi kufunika ukingo wa kabari pasipo kuvuka mshono, hivyo mstari wa vinundu hubaki wazi kando ya mishazari yote miwili. Baadhi ya wajenzi huona hilo kuwa kasoro. Njia ya busara ni kuzitumia kabari za rangi ya manjano. Barabara nyingi halisi zina mistari ya manjano iliyopishana katikati ya makutano, inayowakataza madereva kusimama hapo, na mishono miwili inayokatana kutoka kona hadi kona huonekana kama mistari hiyo. Kovu limegeuka kuwa chale.

Pembe Zinazokataa

Pembe ambayo kila mjenzi huitaka kwanza ni ya nyuzi 45, nayo ndiyo inayokataa kabisa. Hatua 5 mbele na 5 kando hutoa mshazari wenye mraba wa 50, ilhali saba mara saba ni 49. Mshazari unazidi hatua 7 kwa milimita 0.57, tofauti inayohisiwa na vidole. Hatua 12 kwa 12 hukaribia 17, tofauti ikiwa milimita 0.24. Hakuna nambari kamili itakayofaulu hata mtu akihesabu hadi mwisho wa dunia, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu ya nambari kamili mbili.

Hata hivyo, kipo kibamba cha vinundu 1 kwa 2 chenye kinundu kimoja tu katikati yake, nacho huruhusu kupima nusu hatua. Kwa msaada wake hatua 6 mbele na 6 kando hukaribiana na hatua 8 na nusu. Tofauti ni milimita 0.12 tu, nayo ni ndogo kuliko ile milimita 0.2 ambayo kila tofali huiacha pembeni mwake. Uongo wa kiasi hicho plastiki huuvumilia.

Kwa pembe nyingine zote kuna bawaba. Bawaba ya matofali hufanya kazi kama ya mlango: nusu moja hushikwa na barabara kuu, nusu ya pili na jukwaa la hanamu, na pembe huwa ile anayoitaka mjenzi. Uhuru huo una gharama. Jukwaa lililoshikwa na bawaba upande mmoja halina nguzo upande wa pili, na mshono wake hauna kabari inayoulingana. Bawaba inafaa kwa barabara inayoishia ukingoni mwa meza. Haifai kwa barabara inayoingia katika makutano upande mmoja na kutokea wa pili, kwa sababu kosa dogo la pembe mwanzoni huwa kosa kubwa mwishoni: nyuzi moja tu katika barabara ya mita moja huipeleka ncha kando kwa milimita 17, zaidi ya vinundu viwili.

Broadway na Jengo la Pasi

Mfano unaowavutia wajenzi wa miji midogo ni Broadway ya New York. Mpango wa mwaka 1811 uliigawa sehemu kubwa ya kisiwa cha Manhattan kwa barabara zinazokatana kwa nyuzi 90. Broadway ni ya kale kuliko mpango huo. Asili yake ni pito la wenyeji wa kisiwa kabla ya Wazungu kufika. Ikaachwa ipite katikati ya miraba kwa hanamu, na kila inapokutana na barabara kubwa ya mpango huo hutokea njia panda halisi. Katika mojawapo, ambapo Broadway inakatana na Barabara ya Tano karibu na Mtaa wa 23, lilijengwa mwaka 1902 jengo la Flatiron lililobuniwa na Daniel Burnham. Jina hilo maana yake ni pasi, na kwa hakika jengo lina umbo la pasi, ncha yake ikielekea kaskazini. Mwaka 2015 kampuni ya LEGO yenyewe ilitoa kielelezo kidogo cha jengo hilo.

Pembe ya hapo ni nyuzi 25 hivi. Bamba halina nyuzi 25. Lina nyuzi 22.62 kwa upande mmoja na nyuzi 28.07 kwa upande wa pili, na mjenzi hana budi kuchagua. Akiangalia ramani peke yake atachagua 22.62, kwa kuwa tofauti yake na ukweli ni nyuzi 2.4, wakati ya pili ina tofauti ya nyuzi 3. Lakini nyuzi 22.62 huhitaji mshono wa 1 kwa 5, na kabari ya mteremko huo haimo katika zile tatu zilizotajwa. Nyuzi 28.07 huungwa kwa kabari ya 1 kwa 4, iliyo kibamba cha kawaida cha vinundu 2 kwa 4. Mwenye kujenga barabara pekee, bila makutano, na achague ya kwanza. Mwenye kujenga makutano ni heri aikubali ya pili. Nyuzi 3 hakuna jicho litakalozigundua kwenye meza, ila pengo katikati ya barabara litagunduliwa na kila mgeni.

Kwa pembe hii ya pili, barabara zenye upana wa hatua 8 hutoa msambamba wenye upande wa hatua 17. Hiyo ni zaidi ya maradufu ya upana. Anayevuka kwa miguu kwa kufuata ukingo wa barabara ya hanamu hutembea masafa hayo yote akiwa njiani mwa magari, na ndiyo maana wahandisi wa barabara halisi hupendelea pembe zinazokaribia nyuzi 90, hata ikiwabidi kuipinda barabara kidogo kabla ya kufika makutanoni. New York ilichukua mkondo mwingine: mwaka 2009 sehemu ya Broadway katika eneo la Times Square ilifungiwa magari, na watu wakawekewa viti.

Jengo lenyewe hufuata kanuni ya barabara zake. Ukuta unaotazama Barabara ya Tano hujengwa kwa mistari ya bamba, na ule unaotazama Broadway hujengwa juu ya jukwaa la hanamu. Kuta hizo mbili hazigusani isipokuwa kwenye ncha, ambapo vibamba vya duara hufunika kiungo; jengo halisi nalo limeviringwa pale pale. Baina ya ncha na makutano hubaki pembetatu ndogo ya ardhi isiyo ya barabara yoyote. Wajenzi wengi huiacha hadi mwisho, nao hujuta. Inafaa kutiwa vigae mapema, kabla kuta hazijapanda, kwa kuwa baada ya hapo vidole haviingii.